Kioo Kinahitaji Watu Wanne

Mdogo wangu mpendwa,

Jumamosi ya maandamano nilipoteza vitu viwili: kioo cha mbele cha duka, na wewe. Kioo kilivunjwa na jiwe. Wewe nilikufukuza mwenyewe. Hata hivyo, salamu kwanza. Sisi tu wazima, na watoto wanamuulizia baba yao mdogo. Nawe, mgongo unaendeleaje? Utaona mbele kwa nini nauliza mgongo.

Unakumbuka nilivyokwambia mlangoni jioni ile: wewe askari, uliyepangwa mbele ya duka la ndugu yako, umeliacha wazi lipigwe mawe. Nilikuwa na uchungu. Duka lile nililianza na katoni moja ya balbu begani.

Sasa sikia. Nilijiunga na watu wa kujitolea wanaochunguza video za maandamano, waone askari na waandamanaji wanavyotendeana. Sikumficha shemeji yako kwamba nakwenda kutafuta ushahidi dhidi yako. Akanijibu kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tunakutana chumba cha juu, chini yetu wanaoka mikate. Kiongozi ni muuguzi mstaafu tunayemwita Bi Kimya, maana video hutazamwa kwanza bila sauti. Anasema kelele humwonyesha mtu kisichokuwepo. Kila kipande hutazamwa na watu wanne, kila mmoja kivyake, ndipo majibu yalinganishwe. Halipwi mtu hata nauli. Nilimwuliza fundi cherehani mmoja anapata nini hapa, akasema anapata kiti kigumu na harufu ya mikate ya wenzake.

Fundi huyo, mwanawe alivunjwa mkono na askari. Lakini nilimwona akimwandika askari aliyevua kofia na kuongea na vijana: “anatuliza.” Nikamwuliza kama moyo haumkatalii. Akasema moyo ataupa zamu yake nyumbani. Pale kazi ni ya macho. Watu kama hao sikujua wapo.

Juzi kikanifikia kipande cha barabara yetu. Sharti letu ni moja: ukimtambua mtu, acha, mpe mwenzio. Nilikutambua kwa lile bega lako linalotangulia. Sikuacha. Niliandika: “anamsukuma mwanamke.” Majibu yalipolinganishwa, watatu walikuwa wameandika: “anamkinga.”

Hesabu ndiyo iliyonilisha maisha yote. Watatu kwa mmoja najua maana yake. Nikatazama upya. Mwanamke ameanguka chini ya dirisha langu, jiwe linakuja, unaacha nafasi yako, unamfunika kwa ngao, na kioo kizima kinakumwagikia mgongoni. Jioni ile nikakutukana mlangoni, nawe umesimama tu, hukujitetea.

Nilimweleza Bi Kimya mbele ya wote. Amefuta jibu langu na kunitoa kwenye video mwezi mzima. Kwa sasa napanga viti. Ni haki yangu.

Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema alinionya kuhusu kisima.

Kioo kipya kinawekwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Ni kizito, kinashikwa na watu wanne. Tuko watatu: mimi, fundi wa vioo na msaidizi wake. Fundi anauliza kama alete mtu. Nimemwambia angoje hadi Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Usiniandikie maelezo, na usinipe pole. Nijibu neno moja: unakuja, au huji?

Kaka yako,
wa duka la taa