Mpira kwenye klachi ya kaka

Wee, acha unachofanya unisome.

Leo nimetoa pikipiki ya marehemu kaka. Unajua haijaguswa tangu tumzike. Nikaiwasha, nikabana klachi, nikatia gia. Ikaruka nami hadi ukutani! Klachi nimeibana yote, lakini wapi!

Nikampigia fundi wake. Akasema, "Imekaa sana, pleti za klachi zimegandana. Injini ikipata moto izime, tia gia, bana klachi, isukume mbele na nyuma mpaka ziachie."

Nimesukuma mpaka jasho likanitoka. Mara tak! Zikaachia. Nikaingia ndani kunywa maji.

Kurudi, nakuta mkono wa klachi umebanwa kwenye usukani, umefungwa kwa kipande cha mpira. Unakumbuka? Kaka tu ndiye aliyekuwa akiufunga hivyo kila akisafiri, ili pleti zisigande. Na fundo ni lake, lile lile!

Mama kakaa pembeni, katulia tuli. Mama huyu huyu asiyejua hata klachi ni kitu gani!

"Mama, nani kafunga hivi?"

"Mimi. Kaka yako kanielekeza. Anasema mngeifunga tangu mwanzo isingewasumbua."

"Kakuelekeza lini, mama?"

"Si ni sasa hivi tu, ulipoingia ndani."

Sasa hivi! Ndivyo alivyosema, sasa hivi!

Naye ananitazama kama mtu aliyeudhika kweli:

"Mmepishana hapo mlangoni. Mbona hukumsalimia?"