Vidole vitatu vya daktari wa Kichina

Jumanne

Sijamwambia mtu yeyote: nimekubaliwa chuo huko Columbus, mji wa mbali, na nataka kwenda. Mama anaamini nitabaki naye hapa Buffalo, tufanye pamoja kazi ya kutunza wazee.

Kwa kuwa siku hizi sili, leo amenipeleka kwa daktari wa Kichina. Mzee huyo aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akafumba macho na kusikiliza mapigo. Mama akadhani anaomba. Akasimama, akainua mikono, akamkemea pepo wa ugonjwa: "Toka, kwa jina la Yesu!"

Daktari alifumbua jicho moja.

"Mshipa umekaza kama uzi wa gitaa," aliniambia kwa Kiingereza. "Kuna jambo unalificha."

"Anasema nini?" Mama aliuliza. Mkalimani wa familia ni mimi, kwa bahati mbaya.

"Anasema nikule muzuri."

"Bon! Si nilikuambiaka? Ni njaa tu!"

Jioni alinipakulia ugali mkubwa kuliko kichwa changu. Niliumaliza wote kwa aibu, maana alikuwa ananitazama kwa furaha.

Wewe unayesoma, tafadhali usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikishapata sauti.