Vile nilirusha bugali Bukavu

Mutoto wangu Bisimwa,

Mimi baba yako niko na miaka makumi saba na kitu. Wabelgiji waliondoka wakaniacha, waasi walipita wakaniacha, sasa nakuandikia mimi mwenyewe na mukono wangu, mvua inanyesha.

Ulinituma huku Bukavu nimurudishe binti yako Nsimire kwetu kisiwani Idjwi aolewe. Jana, tukikula bugali na samaki sambaza, nikamuambia kwa utani wetu wa babu na mujukuu, "Bibi yangu, funga mizigo." Akasema, "Mume wangu, kwanza uone masomo yangu."

Akafinyanga tonge kubwa na dogo. Eti kila kitu kina kiini ndani, na wasomi wanapiga hesabu namna ya kugonganisha viini viwili, kizaliwe kimoja kizito kupita hata dhahabu. Lakini viini vinachukiana. Akarusha tonge dogo polepole kwa lile kubwa, likaanguka. Akarusha kwa nguvu, yote yakapasuka.

"Hesabu inatafuta nguvu ya katikati, babu."

"Na viini vikishikana?"

"Kile kizito kinavunjika kabla ufumbe jicho. Lakini hesabu inasema kule mbele iko kama kisiwa, viini vizito vya kule vinakawia kuvunjika. Hakuna mutu amefika."

"Mimi muzaliwa wa Idjwi nikose kisiwa? Leta bugali."

Nilirusha mpaka sahani ikaisha. Tonge moja lilishikana na lile kubwa, vizuri kabisa.

Basi Nsimire anabaki kusoma. Wale waposaji wakunywe pombe yao ya kasiksi wenyewe.

Nawapenda wote, na mama yako mukali. Ukibisha, uliza Maman Cikuru, mwenye nyumba Nsimire anapanga, ni yeye alibandua bugali kwenye ukuta.

Baba yako