Mifuko Thelathini na Saba Niliyoshona Bila Kuombwa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu maana mwalimu mkuu ameniita, mimi mzee mzima niliyeacha shule darasa la tatu baada ya kushauriana na fimbo. Mimi ni fundi cherehani, sare za shule ya mtaani kwetu nashona mimi, na mjukuu wangu wa miaka saba, tunayemwita Kidole, anasoma hapo hapo. Huyu akiogopa hupapasa kipande cha bitana laini nilichomkatia. Akiwa nacho anasoma kama redio, akikikosa mdomo unapigwa kufuli. Mwalimu wake akamnyang'anya, akasema darasani hapatakiwi vitambaa vya watoto wachanga, wenzake wakacheka, mtoto akanyamaza wiki nzima. Basi nikamshonea mfuko wa siri ndani ya sketi nikatia kipande kingine, akaanza kusoma tena, na hapo ningetulia, lakini wapi, nikawaza wakiugundua watamcheka, na kwa kuwa sare mpya za darasa lake zilikuwa mezani kwangu, nikawashonea na wenzake wote thelathini na saba. Sasa wanaficha humo kokoto na peremende, mmoja kaingiza kifaranga kikalia katikati ya hesabu, na mwalimu mkuu anatafuta fundi mwingine.

Hilo nitalimeza. Kinachoniuma ni Kidole, kaikunja sketi kaiweka juu ya cherehani.

"Babu, nani alikwambia uwape na wao?"

"Bibie, nilitaka usiwe peke yako."

"Sasa kila mtu ananiuliza wangu una nini. Siendi."

Leo siku ya nne hajaenda. Nimpeleke kwa nguvu, au nifumue yote?

Fundi wa Mifuko

JIBU

Babu fundi, nimecheka kwa kifaranga, nikaacha kucheka nilipofika kwa Kidole. Ulianza vizuri kuliko mwalimu wake: uliona kinachomtuliza mtoto ukampa. Kisha ukajitia ujuaji. Kuchekwa ulikuogopa wewe kuliko yeye, na kitu alichokuwa nacho peke yake ukakigawa kwa darasa zima. Ana mdomo, mzee wangu. Ulishindwa nini kumwuliza?

Usimburute. Leo keti naye umwombe radhi, tena bila utani, najua utawashwa. Mwulize anataka kitambaa kikae wapi. Akisema ndani ya soksi, basi ni soksi, usimletee habari za ufundi.

Jumatatu beba kifumulio chako, ufumue mifuko ya wale wengine bila malipo, na ukubali kosa. Usibishane; cha kubishania hapo huna. Halafu onana na mwalimu wa darasa, wawili tu, si mbele ya watoto. Mweleze ulivyonieleza mimi: akiwa nacho anasoma, akikikosa hasomi. Mwombe amwachie wiki mbili ajionee mwenyewe. Akikataa, rudi kwa mwalimu mkuu, na safari hiyo simama imara, maana mtoto aliyenyamaza wiki nzima si mtoto mwenye adabu, ni mtoto anayeumia.

Jumanne msindikize hadi mlangoni mwa darasa, kisha ugeuke urudi kazini. Usichungulie dirishani.

Na siku akikwambia kitambaa hakitaki tena, kipokee tu. Usimkatie kingine.