Mshumaa Uliowaka Duarani

Mdogo wangu Masatu,

Huko uliko nakusalimu. Mimi bado nina nguvu, shamba nalima peke yangu, vijana wa hapa Nyegina wananionea wivu. Kuandika ndio kunanisumbua, lakini hili naliandika mwenyewe, sitaki kuandikiwa.

Unakumbuka asubuhi za Butiama, kwenye duara letu, lile shimo la dhahabu? Kabla ya kushuka ulikuwaga unafunga mshumaa kwenye kamba, unauteremsha polepole, sote tumeinama tunaangalia. Ukizimika, hewa mbaya, hashuki mtu. Ukiwaka unapiga kelele, "Twende, mwenye nyumba katufungulia!" Mimi nakucheka, "Mshumaa wa nini na pua yangu ipo?" Unanijibu, "Kaka, pua yako inajua sato wa kukaanga tu."

Halafu kifua kikakushika. Wewe, ambaye sigara hukuwahi kuigusa, ulikuwaga unanifukuza mimi na moshi wangu. Hospitali ya Musoma wakasema kansa ya mapafu. Dada zetu wakakataa. "Kansa ya mapafu bila sigara? Mbona mvutaji mwenyewe huyu hapa, mzima kama nyati! Masatu kalogwa, kafungwa kifua na mkewe." Tulipomaliza kukuzika wakamfukuza mkeo Nyangeta, akaenda Bunda kuuza dagaa. Mimi nilimtetea peke yangu. Unanijua, nikikataa nimekataa. Ila waliponiuliza, "Sasa kilichomuua ni nini?" niliwasha sigara tu.

Juzi daktari kaja machimboni kuongea na wachimbaji. Nilienda ili nimpinge. Anasema kuna gesi inatoka ndani ya mwamba wenyewe, inaitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Inajaa kwenye shimo lisilopuliziwa hewa, mtu anaivuta miaka na miaka, inaharibu mapafu taratibu mpaka inaleta kansa. Asiyevuta sigara naye inampata. Anayevuta, hatari inazidi.

Nikanyoosha mkono, nikasimama. "Na mshumaa?"

"Mzee, hiyo gesi haizimi mshumaa. Utawaka tu."

Nilikaa chini, Masatu. Mimi, nilikaa chini.

Hakuapa kwamba ndiyo iliyokuua, duara letu hakuna aliyelipima. Kasema inawezekana. Nikamwambia asiondoke, nikawaburuza dada zetu wote wawili wakamsikie kwa masikio yao. Mkubwa alilia njia nzima. Mdogo akasema, "Kaka, kamlete shemeji."

Nikapanda basi la Bunda. Nyangeta aliponiona akaweka chini kopo lake la kupimia dagaa. Amekonda, lakini ulimi ni ule ule. "Shemeji, leo pua imenusa nini?"

"Haikunusa kitu, shemeji. Ndiyo habari niliyokuletea."

Nikamweleza yote. Akajifunika uso na kanga, kisha akaanza kuzoa dagaa kuwarudisha kwenye ndoo. Halafu akasema, "Nisaidie kubeba ndoo."

Jana amelala nyumbani kwako. Leo asubuhi kaja kaburini kwako na dada zetu nyuma yake, kawasha mshumaa, wakainama kusali. Sigara ilikuwa mfukoni mwangu, sikuitoa. Nilibaki nauangalia ule mshumaa. Upepo hakuna. Uliwaka vizuri kabisa, kama ulivyokuwaga unawaka kule chini.

Pumzika, mdogo wangu. Mkeo yuko nyumbani.

Ni mimi, kaka yako mkubwa