Mtoto Asiyepiga Chafya

Kapkatet,
4 Machi 2024

Kwa dada yangu Drusilla,

Pokea salamu nyingi kama majani ya chai msimu huu wa mvua. Shemeji hajambo? Goti lako limepoa? Sisi ni wazima, ila ukungu hauondoki mpaka saa nne. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu Kiplimo huishika akitaka, na haya si ya macho ya mume.

Dada, nina mimba ya miezi saba na sijui ni ya nani. Unamkumbuka Opondo, yule karani aliyekuwa akipima majani kituoni? Aliandika kilo zangu polepole, akiniuliza nimeamkaje. Ilikuwa majuma matatu tu. Nilikuwa natembea kati ya michai, kikapu mgongoni, nikijiona sikanyagi ardhi. Sasa amerudi kwao ziwani, na hata sura yake siikumbuki vizuri.

Ninayemwogopa ni mama mkwe. Unajua hapa wote wamebatizwa, lakini mtoto akizaliwa lazima kina mama wamwitie majina ya wafu wa ukoo wa baba, moja moja, mpaka apige chafya, ndipo wajue ni babu gani amerudi. Je, huyu wangu akiwanyamazia wote?

Ni mimi mdogo wako,
Chepchirchir

*

Soin,
12 Machi 2024

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, jua tu ndilo linatukausha. Goti bado. Nimesoma barua yako jikoni mpaka ugali ukaungua. Mjinga wewe, na nakupenda.

Sikiliza. Kitanda hakizai haramu. Mtoto atakayezaliwa kwa Kiplimo ni wa Kiplimo. Na chafya isikukoseshe usingizi: mama mkwe wako hunusa tumbaku kutwa, mtoto gani atamsogelea asipige chafya? Wewe funga mdomo.

Dada yako,
Drusilla

*

Kapkatet,
20 Mei 2024

Dada,

Natumaini mko salama. Mimi nimejifungua mvulana, mwili wangu una nguvu, lakini moyo hauna.

Walianza kumwita asubuhi ya siku ya tatu. Mama mkwe alimpakata, akataja babu wa kwanza, wa pili, mpaka saba. Akampitishia tumbaku puani. Mtoto alitazama tu mlangoni kwa macho makubwa, kama anayengoja mtu aliyechelewa. Walipofika jina la tisa, kina mama hawakuniangalia tena. Mama mkwe alifunga mkebe wa tumbaku, akanirudishia mtoto.

Nikajua wafu wamenishtaki. Nilimwita Kiplimo kutoka nje nikamwambia yote, mbele yao.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Opondo wa mizani?" Kisha akaenda akaosha mtungi wa maziwa, akaufunika, akaondoka. Analala kwa kaka yake. Jumamosi tarehe nane Juni atakuja na wazee, niseme mtoto ni wa nani. Dada, nampenda Kiplimo. Nilimjua vizuri siku ile alipokuwa akiosha ule mtungi.

Mdogo wako,
Chepchirchir

*

Soin,
27 Mei 2024

Mdogo wangu,

Poleni, wewe na mtoto. Mdomo uliponza kichwa! Nilikuomba kitu kimoja tu. Mtoto wa siku tatu hajui ushahidi, alikuwa ameshiba.

Wazee wakija, sema hujui. Omba msamaha, lia kama unaweza. Ikishindikana, mlango wangu uko wazi.

Dada yako,
Drusilla

*

Kapkatet,
6 Juni 2024

Dada mpendwa,

Sisi wazima, mtoto anaongeza uzito. Ikifika barua hii, usimsomee mtu, hata shemeji.

Jana mvua ikinyesha, mama mkwe aliingia akafunga mlango, akamchukua mtoto. Akaniambia, "Hiyo siku niliita wafu wa ukoo wa mume wangu. Lakini Kiplimo si wa mzee wangu." Kisha akamwinamia mtoto akataja jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani humu, la mwanamume aliyekuwa akichuma chai pamoja naye kabla Kiplimo hajazaliwa, na ambaye amekufa zamani. Mtoto akapiga chafya. Mara mbili. Tumbaku hakuwa nayo, dada.

Tulilia sote wawili. Mtoto ni wa Kiplimo. Mama mkwe akasema, "Jumamosi sema yote. Mimi ni mzee, nimechoka kubeba."

Sikulala. Kaka zake Kiplimo wanalimezea mate lile shamba la juu aliloachiwa na mzee. Wakisikia haya watamfukuza kama mgeni, na yeye kila Krismasi hupalilia kaburi la mzee kwa mikono yake mwenyewe. Nikisema, atapata mwana, apoteze baba. Na nikisema sijui, wazee hawataacha kuuliza mpaka mama mkwe afungue mdomo mwenyewe.

Leo asubuhi nimemwona ng'ambo ya michai. Ukungu ulimfunika mpaka kifuani. Nilitaka kumwita.

Keshokutwa wakiniuliza, nitasema mtoto ni wa Opondo. Nitafika Soin Jumapili, baada ya kanisa. Tutandikie kitanda.

Ni mimi mdogo wako,
Chepchirchir