Alijificha Nikiwa na Furaha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji alituambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, tukafurahi sana. Huku sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu. Tangu apate cherehani mpya hakukaliki, hata mapazia ya jirani ameyaomba ayapinde. Binti yetu meno ya mbele yameng'oka, na kila anachosema kinatoka na mluzi.

Ningeweza kupiga simu, lakini unatujua. Mimi nitapandisha sauti, wewe utaipokea kwa ya kwako, na kabla ya dakika kupita mmoja wetu atakuwa analia na mwingine amekata. Nikiandika ninalazimika kwenda polepole. Naomba nawe usome polepole, ukiwa umekaa.

Unanijua nilivyo. Nikifurahi, mtaa mzima unajua. Nikikasirika, hata mtaa wa pili. Pale kwenye karakana ya vioo wananiita Honi, nami nilikuwa nalipenda jina hilo. Nilijiambia kwamba sina kinyongo, natoa yote yanaisha, na kwamba sijawahi kumpiga mke wangu wala mtoto. Ni kweli sijawapiga. Niliwahi kurusha sufuria ukutani, niliwahi kuubamiza mlango hadi bawaba ikang'oka, lakini mkono wangu haukuwagusa. Nililala vizuri kwa hilo.

Halafu ikaja siku ile nilipopewa kazi ya kusimamia madirisha yote ya shule mpya. Dada, niliruka! Nikarudi nyumbani mbio, nikausukuma mlango kwa bega, nikiimba na kuita jina la mtoto. Kimya. Nikaita tena. Wifi yako akatoka jikoni, akaniashiria chumbani kwa kidevu. Nikainama. Mtoto alikuwa chini ya kitanda, viatu miguuni, mikono masikioni, macho ameyafumba.

Nikamwambia baba ana furaha, atoke. Hakutoka. Mama yake akaniambia taratibu, "Akisikia mlango tu, huingia humo. Hangojei kujua umekuja na nini."

Sijawahi kuogopa vile. Nimewahi kuning'inia ghorofani na kioo kikubwa mikononi upepo ukivuma, sikuogopa vile. Nilikaa sakafuni nikimtazama mtoto wangu anavyotetemeka, na mtu aliyekuwa akimtetemesha ni mimi, tena siku niliyokuwa mwema.

Nikaamua kunyamaza. Nikawa naingia kwa vidole, najibu ndiyo na hapana, sicheki wala sifoki. Nilidhani nimepona. Kumbe nilikuwa nimewazidishia hofu. Mtoto akaanza kukojoa kitandani. Jioni moja nikamsikia akimuuliza mama yake, "Mama, baba ataanza lini?" Nilipolisikia swali hilo nikashika fremu ya mlango.

Kazini nako yakanifika. Msimamizi mkuu alinifokea mbele ya mafundi wote kwamba nimekosea vipimo vya dirisha, na vipimo vilikuwa vyake. Nikasema sawa. Nikachukua kioo niende kukikata upya, huku nimekibana, nimekibana, hadi kikapasukia kiganjani. Wenzangu wakapiga kelele. Mimi sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko damu. Nilijiuliza, kama siusikii mkono wangu mwenyewe, siku nikiwa nimeushika mkono wa mtoto itakuwaje?

Nesi aliyenishona aliniuliza imekuwaje, swali la kawaida tu, nikaangua kilio kama aliyefiwa. Hakunicheka. Alimaliza kushona, akanipeleka chumba cha pili kwa mshauri nasaha, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Nilitaka kukimbia. Niliogopa wataniandika chizi, nifukuzwe kazi. Nikamwomba anipe dawa ya kuzima hivi vitu vyote. Akasema haipo, na kama ingekuwepo asingenipa, maana mke wangu hakuolewa na gogo. Akaniuliza hasira inapoanza, inaanzia wapi mwilini. Nikaona ni swali la kitoto, nikajibu masikioni. Masikio hupata moto. Akasema basi nimeshapata pa kuanzia. Masikio yakipata moto, niseme kwa maneno nina nini, tena kwa sauti ya kawaida, kisha nisogee pembeni hadi yapoe. Nisimeze, wala nisimmwagie mtu.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Mteja mmoja alinikaripia, nikamwambia kwa utulivu kabisa, "Nina hasira nawe, natoka nje kidogo, nitarudi." Yule bwana akadhani naenda kuchukua silaha. Niliporudi nilikuta kofia yake tu.

Nyumbani nikaanza kubisha mlango wangu mwenyewe na kusema nimekuja na nini kabla ya kuingia. Siku za kwanza hakuna aliyejibu. Siku moja nikabisha, nikasema nimekuja na hasira ya kazini, si ya mtu wa humu ndani. Ikatoka sauti ndogo yenye mluzi, "Kubwa au ndogo?"

Nikafikiri. Nikasema ni ya kati.

"Basi subiri kwanza."

Nikakaa kizingitini, mtu mzima na mfuko wake wa zana, majirani wakipita na kuniuliza kama nimefukuzwa. Masikio yalikuwa yanawaka, dada. Nilitaka kuupiga teke ule mlango. Niliogopa kwamba nitaupiga, na niliogopa kwamba akifungua ataona usoni kwangu kuwa nilitaka kuupiga. Nikakaa hivyo hivyo. Mwishowe kitasa kikageuka, akachungulia kwa jicho moja, akaniuliza imebaki kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akafungua.

Bado hujificha siku nyingine. Na mimi bado hupandisha sauti. Lakini sasa mtoto hutoka mwenyewe, bila kubembelezwa.

Sasa nikujibu. Umeomba mtoto aje kwako likizo hii yote. Nimeandika jibu hili mara nyingi na kuchana. Dada, mimi pia nilikuwa na mahali pangu. Lilikuwa kabati la jikoni, nyuma ya ndoo. Nikisikia hatua zako uani, naingia. Mama alipofariki ulikuwa msichana tu, ukanilisha, ukanivisha, ukanisomesha, na hakuna siku niliyolala njaa. Lakini ulikuwa unavunja sahani, halafu unanikumbatia na kulia hadi ninakosa pumzi, nami nilikuwa naogopa vyote viwili. Sikuwahi kukwambia. Nilidhani ukijua ninakuogopa, utaondoka, nami sikuwa na mtu mwingine.

Sikulaumu. Nani alikuuliza wewe masikio yako yanafanya nini? Ila mtoto sitamleta peke yake, si sasa. Njoo wewe. Chumba kipo, wifi yako ameshashona shuka. Ukae naye sisi tukiwepo, akuzoee, nawe ukizidiwa utaniambia, mimi si mgeni wa hayo. Na yule mama mshauri nimemuuliza. Amesema mlango wake hauchagui mtu.

Najua unavyosoma mistari hii. Pengine umeshasimama. Pengine barua hii iko sakafuni. Naogopa sana, dada yangu, kwamba hutaniandikia tena. Nampa wifi yako aiposti yeye leo hii, maana ikilala humu ndani nitaichana.

Msalimie shemeji, na watoto wote wa hapo. Mtoto anasema shikamoo shangazi, na anauliza kama wewe ukicheka unacheka kwa sauti kubwa. Nimemwambia ndiyo, kubwa sana. Amesema uje tu.

Ni mimi mdogo wako, niliyelelewa na mikono yako.